Mchezo wangu wa kukisia namba: dogo anasema unadanganya. Nirekebishe nini kwanza kwenye kodi hii?

#1 Mpambe wa Buguruni

Habari wakuu. Najifunza Python mwenyewe, huu mwezi wa tatu, usiku nikishafunga duka. Nimeandika mchezo mdogo wa kukisia namba, wa kwenye terminali tu. Kompyuta inaficha namba kati ya 1 na 100, mchezaji ana nafasi 7. Kodi yenyewe hii:

```
import random

def cheza():
    namba = random.randint(1, 100)
    jaribio = 0
    while jaribio < 7:
        try:
            k = int(input("Kisia: "))
        except:
            print("Weka namba")
            continue
        jaribio = jaribio + 1
        if k == namba:
            print("Umepata!")
            break
        if k > namba:
            print("Kubwa")
        if k < namba:
            print("Ndogo")
    print("Umeshindwa, namba ilikuwa", namba)
    tena = input("Tena? ndiyo/hapana: ")
    if tena == "ndiyo":
        cheza()

cheza()
```

Nilimwonyesha jamaa aliyenitangulia kwenye fani, akasema "inafanya kazi lakini mbaya", akaondoka. Naomba mnionyeshe ubaya uko wapi na nianze na lipi.

La pili ndilo linaloninyima raha. Mdogo wangu, yuko kidato cha pili, anasema mchezo unadanganya. Alikuwa akiandika pembeni kwenye karatasi. Nainakili kama ilivyo:

50 Kubwa, 25 Ndogo, 37 Ndogo, 43 Kubwa, 40 Ndogo, 41 Ndogo, 42 Kubwa. Umeshindwa.

Ukifuata, namba lazima iwe 42. Halafu 42 nayo ikaambiwa kubwa. Nimeisoma kodi yote zaidi ya mara kumi, sijaona pa kudanganyia.

#2 Konda Mstaafu

Nimefungua uzi mbio nikidhani ni kodi ya nyumba, maana mwenye nyumba wangu kapita asubuhi. Haya, nimekaa siti ya dirishani, wataalamu waje.

#3 Fundi Terminali

Mpambe, uongo wa kwanza uko wazi kabisa. `break` inamtoa mchezaji kwenye lupu (ule mzunguko wa `while`), lakini ile "Umeshindwa" iko nje ya lupu. Kwa hiyo hata aliyepata anaambiwa ameshindwa. Jaribu kushinda uone.

Dogo wako alikisia 42, ikatoka "Umepata!", mstari wa chini yake ukasema "Umeshindwa, namba ilikuwa 42". Mtoto akasoma wa mwisho. Kesi imekwisha.

Python ina `else` ya lupu ya `while`. Inaendeshwa pale tu lupu inapoisha yenyewe bila `break`. Weka "Umeshindwa" humo:

```
    while jaribio < 7:
        ...
    else:
        print("Umeshindwa, namba ilikuwa", namba)
```

#4 Mpambe wa Buguruni

#3 asante sana mkuu, nimejaribu na kweli nimeshinda nikaambiwa nimeshindwa. Lakini kwenye karatasi ameandika "42 Kubwa". Hilo neno amelitoa wapi?

#5 Kanyaga Twende

Tatizo ni `random`. Bahati nasibu ya kompyuta si bahati nasibu ya kweli. Inachukua namba kubwa, inagawa kwa 100, inachukua baki, na hapo namba ndogo zinapendelewa. Tumia `secrets` badala ya `random`, utaona mchezo unatulia.

#6 Nusu kwa Nusu

#5 ndugu, hilo la baki ni kweli kwa C, si kwa Python.

Kwenye C watu huandika `rand() % 100 + 1`. Kiwango cha C kinataka `RAND_MAX` isipungue 32767. Ikiwa ni hiyo hiyo 32767, una namba 32768 za kugawana vyumba 100. Haziingii sawasawa, zinabaki 68. Kwa hiyo 1 hadi 68 kila moja ina njia 328 za kutokea, 69 hadi 100 kila moja ina 327. Upendeleo upo ila ni mdogo mno, hakuna mtu atakayeugundua kwa kucheza.

Python inakwenda vingine. Kwa namba 100 inachota biti 7, yaani kitu kati ya 0 na 127. Ikiangukia 100 au zaidi inatupa na kuchota upya. Hakuna kupendelea. Chini yake kuna Mersenne Twister, kanuni ya kuzalisha namba, kazi ya Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura ya mwaka 1997, mzunguko wake kabla ya kujirudia ni 2 kwa kipeo cha 19937 toa 1.

Udhaifu wake ni mwingine: mtu akipata matokeo 624 kamili ya biti 32 mfululizo anaweza kutabiri yote yanayofuata. Ndiyo maana `secrets` ikaingizwa kwenye Python 3.6, kwa ajili ya nywila na tokeni. Kwa mchezo wa dogo wa kidato cha pili haibadilishi kitu. Na hata bahati nasibu mbovu vipi haiwezi kuifanya 42 iwe kubwa kuliko 42.

#7 Kanyaga Twende

Nimekubali kwa Python. Lakini msimdharau mtu wa C. Chuoni tulikuwa na mchezo huu huu kwenye C, jamaa akasahau `srand`. Bila hiyo, C inafanya kana kwamba umeandika `srand(1)`, kila ukiwasha programu inaanza na mfuatano ule ule. Darasa zima lilijua namba ya kwanza. Tulikuwa tunaingia maabara, tunaandika, tunatoka.

#8 MwalimuLabo

Na hata ukiweka `srand(time(NULL))` bado. Saa hiyo inahesabu sekunde nzima nzima. Kwenye maabara yangu nilisema "haya, wote bonyezeni Enta", watoto wawili waliokaa pamoja wakapata namba moja, wakanililia kwamba kompyuta zinaongea. Ilinibidi niwaeleze mbegu (namba inayoanzisha mfuatano) ni nini siku hiyo hiyo, somo ambalo nilikuwa nimelipangia wiki mbili mbele.

Mpambe, Python yako inachukua mbegu kwenye mfumo wa uendeshaji wenyewe, hilo lisikusumbue.

#9 BintiMakunduchi

Assalaam alaykum. Nyote mnatafuta kosa kwenye hesabu, mie naliona kwenye Kiswahili.

"Kubwa." Ipi kubwa? Namba niliyoandika mimi au namba iliyofichwa? Zote mbili ni namba, ngeli moja. Ukisema "ni kubwa" umeniacha njia panda. Mwanangu wa miaka minane nikimwambia "kubwa" atafahamu kwamba iliyofichwa ni kubwa, kwa hiyo atapanda. Mwengine atashuka. Mdogo wako ameandika karatasi yake baada ya mchezo au wakati wa mchezo? Kama ni baada, basi ameandika alivyofahamu, siyo alivyoambiwa.

#10 Fundi Terminali

#9 dada, hapo umenipiga. Lakini tazama karatasi: 50 Kubwa, kisha akaenda 25. Alielewa kwamba kisio lake ndilo kubwa. Ameenda sawa hatua zote saba.

#11 BintiMakunduchi

Kafahamu, lakini kwa sababu kazoea. Asiyezoea? Kuboresha kodi ni pamoja na kuboresha unachomwambia mtu. Andika "Kisio lako ni kubwa mno". Au mpe amri asiyoweza kuikosea: "Panda", "Shuka".

#12 Konda Mstaafu

"Shuka" hapana jamani. Miaka tisa nimewaambia watu washuke, mtu akilisikia neno hilo anatafuta mlango. Wekeni "Ongeza" na "Punguza". Hakuna Mswahili asiyejua punguza, ndiyo lugha ya sokoni.

#13 Mkizi wa Kilifi

Hamjambo wadau. Hiyo ya #12 naiunga mkono. Nimebadilisha kwangu hapa, mamangu amecheza bila kuelezwa chochote. Kitambo alikuwa ananiuliza kila mara, "kubwa nini?"

Mpambe, jambo ambalo bado halijaguswa ni hiyo `except:` tupu. Cheza, halafu katikati bonyeza Ctrl na C utoke. Hutoki! Inakwambia "Weka namba". Kwa sababu `except` tupu inanasa kila kitu, hata ombi la kutoka. Andika `except ValueError:` peke yake.

Nasema hivi kwa uchungu. Niliandika mchezo kama huu, nikaulisha makisio kutoka kwenye faili ili nisiandike kwa mkono, na matokeo yaende kwenye faili lingine. Makisio yakaisha. `input` ikawa inarusha `EOFError`, `except` inainasa, inaandika "Weka namba", `continue`, tena na tena. Nililala. Asubuhi diski imejaa "Weka namba", kompyuta haiwezi hata kuhifadhi hati ya kazi ya mke wangu.

#14 Mpambe wa Buguruni

#13 nimejaribu Ctrl na C, kweli nimenaswa. Ilibidi nifunge dirisha zima. Pole kwa shemeji.

#9 dada nimeuliza nyumbani. Anasema aliandika palepale akicheza, mstari kwa mstari.

#15 Jangwani Muscat

Salaam kutoka Muscat. Wengi mtamshauri Mpambe atumie `isdigit()` kabla ya `int()`. Asifanye hivyo. Ile "²" ndogo ya juu, `isdigit()` inasema ni tarakimu, ukiipeleka kwa `int()` inakataa na programu inaanguka. `try` na `ValueError` ndiyo njia salama.

Na jambo lililonifurahisha: kibodi yangu ilikuwa kwenye Kiarabu, mtoto akaandika ٤٢. Mchezo ukapokea kama 42 bila shida. `int()` ya Python 3 inasoma tarakimu za Kiarabu vilevile. Nyumba yetu wanaozungumza Kiswahili na wanaozungumza Kiarabu wamo meza moja, kila mmoja alikisia kwa tarakimu zake. Inapokea pia nafasi mbele na nyuma, " 42 ", na hata 4_2 tangu toleo la 3.6.

#16 Kanyaga Twende

Basi dogo aliandika kitu kisichoonekana vizuri, Python ikakisoma vingine. Nimerudi kwenye mstari.

#17 Nusu kwa Nusu

#16 huenda uko karibu kuliko unavyodhani. Angalia kodi: hakuna popote inapokagua kama k iko kati ya 1 na 100. Ukiandika 422 inapokelewa, inalinganishwa, jibu ni "Kubwa". Kitufe cha 2 kikiwa kimechoka na kinagonga mara mbili, dogo anaona 42 kichwani, kompyuta imepokea 422.

Mpambe, hiyo laptopu kibodi yake ikoje?

#18 Mpambe wa Buguruni

Ni ya kuazima, mkuu. Kitufe cha herufi A kinakwama, hilo nalijua. Cha 2 sijawahi kukiangalia.

#19 MwalimuLabo

Kabla hatujahukumu kitufe, swali la mwalimu: Mpambe, hii ndiyo kodi ya kwanza kabisa kuandika, au kuna iliyotangulia? Kila mwaka nina wanafunzi wanaoweka `randint` ndani ya `while`. Namba inabadilika kila kisio. Ni kosa la kawaida kuliko yote kwenye mchezo huu.

#20 Mpambe wa Buguruni

#19 mwalimu... ipo. Ya kwanza `namba = random.randint(1, 100)` ilikuwa ndani ya lupu. Nilirekebisha siku ya pili. Mafaili yote mawili yapo kwenye dekstopu, mchezo.py na mchezo2.py. Sijui alifungua lipi.

#21 Fundi Terminali

Haliwezi kuwa hilo. Kama namba ingekuwa inabadilika kila mara, majibu yangegongana mapema. Karatasi ina majibu sita yanayokubaliana vizuri, la saba tu ndilo linapinga. Bado nasema aliona "Umeshindwa" baada ya "Umepata!", neno "Kubwa" kaliandika kwa mazoea ya mkono.

#22 Nusu kwa Nusu

#21 hapo naomba nipinge, maana ndipo penye utamu wa mchezo huu.

Unapokata nusu, kila jibu linapunguza eneo tu. Baada ya "50 Kubwa" umebaki na 1 hadi 49. Ukiuliza 25, jibu lolote, la kweli au la kubuni, linakuachia eneo lenye namba ndani. Huwezi kuona mgongano. Ukiuliza 37 vivyo hivyo. Ukiuliza 43, vivyo hivyo. Eneo likiwa na namba pande zote mbili za kisio lako, uongo hauna pa kugonga. Mgongano unaweza kuonekana mwishoni tu, eneo linapobaki na namba moja au mbili. Kwenye karatasi hii ungeweza kuonekana kwenye 41, na baada ya hapo kwenye 42.

Kwa hiyo mchezo unaobadilisha namba kila mara utamdanganya anayekata nusu kimyakimya hadi kisio la sita au la saba. Ndivyo karatasi inavyoonyesha. Anayekisia ovyo angeugundua mapema kuliko dogo mwenye akili.

#23 MwalimuLabo

#22 umenifundisha kitu leo. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba kosa hilo "linaonekana haraka". Halionekani haraka kwa mwanafunzi bora.

#24 Konda Mstaafu

Kumbe huyo dogo ndiye wa kupewa laptopu, Mpambe aendelee na duka. Natania mkuu, endelea.

Ila mimi nauliza kama abiria: kwa nini nafasi ni 7? Si 5, si 10?

#25 Fundi Terminali

Kwa sababu 2 mara yenyewe mara saba ni 128, na 128 inazidi 100. Ukianza na 50 na kukata nusu, 7 zinatosha kila mara. Lazima uanze 50, ukianza kwingine unaweza kushindwa.

#26 Nusu kwa Nusu

Si lazima 50. Nafasi 6 zinazobaki zinamaliza namba 63. Kwa hiyo kisio la kwanza lisiache zaidi ya 63 upande wowote. Unaweza kuanza popote kuanzia 37 hadi 64 ukawa na uhakika wa kumaliza ndani ya 7. Ukianza na 36, upande wa juu unabaki na 64, na hapo kuna namba moja inayoweza kukuponyoka.

Wastani kwa anayekata nusu vizuri ni visio 5.8. Ukitoa nafasi 6, atashinda mara 63 kati ya 100. Nafasi 5, mara 31. Mpambe akiweka 7, anayejua hashindwi kamwe. Mimi ningeweka 6.

#27 Mkizi wa Kilifi

6 zitawakatisha tamaa watoto. Mchezaji achague mwenyewe: 10 kwa anayeanza, 7, au 6. Na hizo 1, 100 na 7 ziandikwe juu kabisa kwa majina, `CHINI = 1`, `JUU = 100`, `NAFASI = 7`, siyo kutawanywa ndani. Siku akitaka 1 hadi 1000 anabadilisha mahali pamoja, na nafasi ziwe 10 maana 2 kwa kipeo cha 10 ni 1024.

#28 MwalimuLabo

Kwangu la kwanza kurekebisha si `except` wala maneno. Ni kuutenga ulinganishaji na maongezi. Fanksheni moja ilinganishe tu, isichapishe kitu, isiulize kitu. Ukishaitenga, unaweza kuipima bila kucheza hata mara moja:

```
def jibu(kisio, siri):
    if kisio == siri:
        return "sawa"
    if kisio < siri:
        return "ongeza"
    return "punguza"

def roboti(siri):
    chini, juu, mara = 1, 100, 0
    while chini <= juu:
        mara += 1
        kisio = (chini + juu) // 2
        j = jibu(kisio, siri)
        if j == "sawa":
            return mara
        if j == "ongeza":
            chini = kisio + 1
        else:
            juu = kisio - 1
    raise AssertionError("mchezo umedanganya")

matokeo = [roboti(s) for s in range(1, 101)]
print(max(matokeo), sum(matokeo) / 100)
```

Inatoa 7 na 5.8, zile zile za #26. Namba zote 100 zimejaribiwa kabla chai haijapoa. Na `chini` ikiipita `juu`, hapo ndipo una ushahidi kwamba mchezo umedanganya.

#29 Jangwani Muscat

Mwalimu, hiyo `(chini + juu) // 2` mtu asiihamishe kwenye Java au C kwa macho yaliyofumba. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba utafutaji wa nusu kwa nusu uliokuwa ndani ya Java yenyewe ulikuwa na kosa hapo hapo: jumla ikizidi uwezo wa namba nzima inageuka hasi. Lilikaa karibu miaka tisa bila kuonekana. Python namba zake hazina kikomo hicho, na kwa 100 hufiki huko hata kwenye Java.

#30 Fundi Terminali

#28 ni kazi safi. Bado nashikilia la kwanza ni "Umeshindwa", kwa sababu hilo linamwumiza mchezaji leo. Kupanga fanksheni kunamfaidi mwandishi.

#31 MwalimuLabo

#30 mwandishi huyu bado anajifunza, kwa hiyo naye ni wa kufaidiwa.

#32 Mkizi wa Kilifi

Na hiyo `cheza()` kujiita yenyewe mwishoni? Kila "ndiyo" inaweka mchezo mpya juu ya ule wa zamani, wa zamani haujaisha. Python kwa kawaida inakubali kina cha 1000 tu, kisha `RecursionError`. Najua hakuna mtu wa kucheza mara elfu, lakini ni mazoea mabaya. Weka `while True` nje, aliyechoka unamtoa kwa `break`.

#33 BintiMakunduchi

Na "ndiyo" yenyewe. Nimeandika "ndio", mchezo ukanifungia mlango. Nikaandika "Ndiyo" kwa herufi kubwa, ukanifungia. Nusu ya watu wanaandika ndio, nusu ndiyo, wala sitaki kufungua ugomvi huo.

#34 Kanyaga Twende

Sahihi ni ndiyo. Ndio ni ya "ndio hao".

#35 BintiMakunduchi

Nimesema sitaki kuufungua, ndugu yangu. Kompyuta ikubali yote: `tena.strip().lower() in ("ndiyo", "ndio", "n")`.

Sasa niseme langu hasa. Mchezo huu wetu sisi, tunaucheza kwa mdomo tangu utotoni: kitendawili, tega. Na asiyejua hatumwambii "umeshindwa". Tunamwambia "nipe mji". Anakupa mji, unasema umekwenda mji ule, umekula, umekaribishwa, kisha unatoa jibu. Hapo hata aliyekosa anacheka. Mpambe, weka hivi:

```
mji = input("Nipe mji: ").strip()
print("Nilikwenda", mji, "wakanikaribisha, wakaniambia:", namba)
```

Na mwanzo, badala ya "Kisia", andika "Kitendawili!" usubiri mtu aandike "Tega".

#36 Konda Mstaafu

Dada umenirudisha kwa bibi yangu Korogwe. Mimi nilikuwa natoa miji yote ya njia ya Tanga hadi aniambie jibu.

#37 Mkizi wa Kilifi

Kwetu pia, na ukitoa mji mdogo unakataliwa, "huo sitaki, nipe mwingine". Hiyo nayo inaandikika! Kompyuta ikatae mji wa kwanza mara moja moja.

#38 Nusu kwa Nusu

Kwa kuwa mmegusa kudanganya: kuna watu walilichukua jambo la dogo kama swali halisi la hesabu. Stanislaw Ulam aliuliza, mtu akificha namba kati ya 1 na 1,000,000, ukamuuliza maswali ya ndiyo na hapana, naye anaruhusiwa kudanganya mara moja, yanahitajika maswali mangapi? Bila uongo ni 20. Jibu la uongo mmoja lilithibitishwa mwaka 1987 na Andrzej Pelc: 25. Uongo mmoja unakugharimu maswali matano.

Mpambe anaweza kuongeza hatua ngumu ambapo mchezo unatangaza mapema: "Nitadanganya mara moja". Huo si ulaghai tena.

#39 Kanyaga Twende

Hiyo ya #38 nitaiandika leo usiku. Nafasi ziwe 12?

#40 Mpambe wa Buguruni

Wakuu nimerudi, jana niliuza hadi saa tatu usiku. Nimebadilisha: `except ValueError`, ukaguzi wa 1 hadi 100, Ongeza na Punguza, lupu ya nje, roboti ya mwalimu imetoa 7 na 5.8. "Nipe mji" nimeiweka, mke wangu ametoa Bagamoyo mara nne.

Nimekipima kitufe cha 2. Nimekigonga mara hamsini kwenye daftari la kompyuta, zimetoka 2 hamsini na moja.

#41 Nusu kwa Nusu

Hamsini na moja! Si nilisema?

#42 Fundi Terminali

Mara moja katika hamsini. Na karatasi ina 2 mbili tu, ya 25 na ya 42. Ni bahati ndogo sana iangukie hapo. Hiyo ya faili la zamani ingekuwa rahisi zaidi kutokea, kisio la 42 lingeambiwa "Kubwa" mara 41 kati ya 100.

#43 MwalimuLabo

Fundi, kumbe umehamia upande wangu. Mpambe, tazama tarehe ambayo mchezo.py lilifunguliwa mara ya mwisho.

#44 Mpambe wa Buguruni

Nimelifungua mwenyewe juzi kulinganisha, mwalimu. Tarehe imeshabadilika.

#45 BintiMakunduchi

Basi muulize mwenyewe: mstari wa mwisho ulisema namba ilikuwa ngapi? Ukisema 42, ni la Fundi la #3 au ni kitufe. Ukisema nyingine, ni faili la zamani.

#46 Mpambe wa Buguruni

Nilishamuuliza dada. Mara ya kwanza alisema 42. Baadaye akasema hakumbuki, alikuwa ameshakasirika akafunga. Jumapili amerudi bweni na huko hawaruhusiwi simu, hadi wafunge shule.

Nimeongeza mistari inayoandika kila kisio na kila jibu kwenye faili, akirudi tutacheza wote wawili kwenye laptopu hiyo hiyo. mchezo.py silifuti.

#47 Mkizi wa Kilifi

Andika pia maandishi yenyewe aliyoandika kabla ya `int()`, siyo namba tu. Ukiandika namba peke yake hutajua kama aliweka nafasi au alama.

#48 Mpambe wa Buguruni

Nimeweka, kaka. Asante.

#49 Kanyaga Twende

Ile ya kudanganya mara moja nimeiandika. Kwa nafasi 14 nashinda kila mara kwa kuuliza kisio moja mara mbili, na majibu yakitofautiana mara ya tatu. #38 unaweza kunionyesha jinsi ya kushinda kwa 11? Nikikata nusu kawaida napotea kwenye kisio la saba.